Njaa Iliyotoka kwa Amri: Bonde la Kilombero na Sheria ya Kuzuia Mauaji ya Kimbari

Kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge limelala bonde pana la mto Kilombero. Masika mto huu hufurika na kuyafunika mabonde madogo pande zake zote mbili. Maji yakisha kupungua huacha udongo mweusi, mzito, wenye rutuba isiyohitaji kusifiwa na mtu. Katika udongo huo hulimwa mpunga, na katika maji huvuliwa samaki. Wandamba wajulikana tangu zamani kwa mitumbwi na nyavu zao, Wambunga kwa vita na kilimo, Wapogoro kwa makao yao ya milimani, na Wabena wa mtoni kwa utawala wa watema wao. Katikati ya hao wote umesimama mji wa Ifakara, mji wa kivuko na biashara. Apitaye humo wakati wa mavuno, akiona magunia ya mpunga yamepangwa kando ya njia, ataona shida kuamini kwamba bonde hili liliwahi kufa njaa. Ataona shida zaidi kuamini kwamba njaa ile haikuletwa na ukame wala nzige, bali ililetwa na amri ya watu.

Habari hiyo yafaa kuangaliwa upya, kwa sababu Tanzania ni nchi iliyofunga ahadi. Tarehe 5 Aprili 1984 ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kuzuia na Kuadhibu Mauaji ya Kimbari, yaani kosa la kuangamiza kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, mbari au dini yao. Ahadi ya namna hiyo haipimwi kwa wino uliotumika kuiandika. Hupimwa kwa maswali magumu ambayo nchi yenyewe imerithi. Katika maswali hayo, moja latoka Kilombero: je, sheria inayowaadhibu wauaji ina neno gani kwa yule asiyeua kwa mkono wake, bali huchoma kihenge cha nafaka kisha akangoja?

Vita vya Maji Maji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, ambako watu waling'oa mimea ya pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti; lakini dawa ilikuwa imekwisha kutembea. Ilifika katika bonde la Kilombero ikakuta watu waliochoshwa na kodi, kazi ya shuruti na viboko. Mwezi ule ule wa Agosti askari wachache waliowekwa Ifakara walishambuliwa na Wambunga. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga, kwa maelfu, waliikabili boma ya Mahenge iliyokuwa chini ya Kapteni von Hassel. Bomani mlikuwa na bunduki za bombomu. Watu waliupanda mlima wakitumaini kwamba risasi zingegeuka maji, nao wakaanguka safu juu ya safu. Hata hivyo hawakutawanyika. Waliizingira boma mpaka kikosi cha Kapteni Nigmann kilipowasili kutoka Iringa mwezi wa Septemba.

Si haki kusema kwamba bonde zima lilikuwa upande mmoja. Mtema Kiwanga wa Wabena wa mtoni alishikamana na Wajerumani, na watu wake walipigana pamoja nao. Alikuwa na sababu zake: alikuwa amekwisha kujua nguvu za wageni, na baadhi ya majirani zake walikuwa adui zake wa siku nyingi. Jambo hili halina budi kukumbukwa, maana litarudi baadaye mbele ya sheria.

Baada ya mashambulio makubwa kushindwa, watu wa Maji Maji waliacha kuzikabili boma, wakaingia porini na kupigana kwa kuvizia. Hapo ndipo vita vilipobadilika sura. Gavana Götzen alikuwa na askari wachache kwa nchi iliyo kubwa mno. Kumfuata kila mpiganaji katika nyasi na mabwawa ilikuwa kazi isiyo na mwisho. Mwezi wa Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim alimpa shauri lililo wazi: kwamba mapigano peke yake yalikuwa kama tone katika bahari, na kwamba njaa na ufukara ndivyo vitakavyowafanya watu wanyenyekee kabisa. Shauri hilo lilifuatwa. Vikosi vilikwenda kijiji hata kijiji. Nyumba zilichomwa, nafaka ikachukuliwa na ile isiyochukulika ikateketezwa, mifugo ikatekwa, mashamba yakaharibiwa, na watu waliojificha porini wakakosa nafasi ya kupanda mbegu wakati wa mvua.

Mkulima yeyote aelewa maana ya tendo hilo. Risasi huua siku inapopigwa. Mbegu iliyochomwa huua mwaka unaofuata, wakati askari wamekwisha kurudi bomani na taarifa zimekwisha kuandikwa kwamba nchi imetulia. Watu wengi wa kusini hawakufa katika mapigano. Walikufa baadaye, wakitafuta mizizi mwituni, na maradhi yakawakuta miili imekwisha kunyong'onyea. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiri kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyezikusanya habari za wazee wa kusini, alikadiri kuwa waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, yaani pengine theluthi moja ya watu wa nchi iliyopigana. Katika upande wa serikali walikufa Wazungu 15, na askari na wasaidizi wa Kiafrika 389. Tofauti ya hesabu hizi yaeleza yenyewe vita vilikuwa vya namna gani.

Kwa bonde la Kilombero kuna ushahidi mwingine, usiozungumzwa sana, nao watoka kwa watumishi wa serikali ya kikoloni iliyofuata. Katika miaka ya 1930 A. T. Culwick, aliyekuwa afisa wa wilaya ya Ulanga, na mkewe G. M. Culwick, walichunguza habari za uzazi wa watu wa wilaya hiyo. Wao ndio waliokwisha kuandika, mwaka 1935, kitabu juu ya Wabena wa mtoni, ambamo Mtema Towegale Kiwanga alichangia kwa maneno yake mwenyewe. Uchunguzi wao wa uzazi ulionyesha kwamba njaa iliyofuata vita ilipunguza watoto waliozaliwa na wanawake waliosalimika kwa zaidi ya robo. Msomaji na alifikirie jambo hilo. Wanawake hao hawakuhesabiwa katika orodha yoyote ya wafu; walikuwa hai, wakilima na kuteka maji. Lakini pamoja nao palikuwa na watoto ambao hawakuzaliwa. Mahali pa vijiji pakaota msitu, na tembo na mbung'o wakarithi yaliyokuwa mashamba.

Je, nani alishitakiwa kwa hayo? Hakuna. Waliohukumiwa walikuwa wale walioshindwa. Huko Songea watu 67 walinyongwa siku moja, tarehe 27 Februari 1906. Götzen alirudi kwao akaandika kitabu juu ya vita vile, kilichotolewa mwaka 1909. Mkataba wa Hague wa mwaka 1899 ulikuwa tayari umeweka mipaka kwa mataifa yanayopigana, lakini mataifa yaliyoutia sahihi hayakumwona Mpogoro wala Mbunga kuwa mtu wa kulindwa nao. Kwao alikuwa mwasi, na mwasi alikuwa nje ya sheria. Basi ubaya ulitendeka pasipo jina. Na jambo lisilo na jina ni gumu kulishitaki.

Jina lilikuja baadaye, kutoka mbali. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland ambaye jamaa zake wengi waliangamizwa na utawala wa Hitler, alilibuni neno la kosa hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1944. Tarehe 9 Desemba 1948 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali Mkataba, nao ukaanza nguvu yake tarehe 12 Januari 1951. Ibara ya 1 yasema kwamba kosa hili ni kosa wakati wa amani na wakati wa vita, na kwamba nchi zinajifunga kulizuia na kuliadhibu. Ibara ya 2 yataja matendo matano, yakitendwa kwa nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake: kuwaua watu wake, kuwadhuru vibaya mwili au akili, kuliwekea kwa makusudi hali ya maisha itakayoleta maangamizi yake, kuweka hatua za kuzuia uzazi, na kuwahamisha watoto wake kwa nguvu kwenda kundi jingine. Ibara ya 4 yaongeza kwamba mkosaji ataadhibiwa, awe mtawala, afisa au mtu wa kawaida.

Asomaye tendo la tatu huku akiikumbuka Mahenge ya mwaka 1906 hawezi kukosa kushtuka. Walioutunga Mkataba walijua kwamba kundi laweza kuangamizwa pasipo kupigwa hata risasi moja. Ila papo hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa Mkataba hauulizi tu nini kilitendeka. Wauliza pia kilitendeka kwa nia gani.

Tuseme basi kesi ya Kilombero imeletwa mbele ya mahakama yenye sheria hiyo. Mshitaki angeonyesha shauri la Wangenheim, majivu ya vijiji na hesabu ya Culwick. Mtetezi naye angesimama na kusema: nia haikuwa kuwaangamiza Wapogoro au Wambunga kwa kuwa ni Wapogoro au Wambunga, nia ilikuwa kuwanyenyekeza waasi. Angemtaja Kiwanga na watu wake, Waafrika wa bonde lile lile walioachwa kwa kuwa walikuwa marafiki. Angelinganisha na nchi ambayo leo ni Namibia, ambako tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali von Trotha, aliyepata kuwa kamanda wa jeshi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri ya wazi dhidi ya Waherero wote, wenye silaha na wasio na silaha. Huko nia iliandikwa katika karatasi. Huku iliyoandikwa ni njaa.

Utetezi huo si wa kupuuzwa. Yumkini mahakama yenye kushika sheria barabara ingesita kuliita tendo lile mauaji ya kimbari. Lakini isingesita kuliita uhalifu. Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Tanzania iliuridhia tarehe 20 Agosti 2002, wahesabu kuwanyima watu chakula, kwa kusudi la kuleta maangamizi ya sehemu yao, kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Na kuwatesa raia kwa njaa kama njia ya kupigana, kuwa uhalifu wa kivita. Mwaka 2019 nchi wanachama zilikubali marekebisho ya kulipanua kosa hilo lifikie hata vita vya ndani ya nchi moja. Hivyo lile lililokuwa shauri la kawaida la afisa mwaka 1905 ni kosa la kushitakiwa leo, liitwe kwa jina hili au lile. Sheria hairudi nyuma kuwakamata wafu. Lakini yaweza kuwaonya walio hai.

Tanzania ilipotia mkono wake mwaka 1984 haikujua kwamba miaka kumi tu baadaye kosa lenyewe lingebisha hodi mlangoni. Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda aliuawa ndege yake ilipotunguliwa karibu na Kigali, akirudi kutoka mkutano wa Dar es Salaam. Mauaji ya Watutsi yakaanza. Mwishoni mwa mwezi ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na miongoni mwao walikuwamo waliokimbia na waliokimbiza. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama liliunda mahakama ya kimataifa kwa ajili ya Rwanda, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha.

Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo, chini ya Jaji Laïty Kama wa Senegal, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa hili kwa kuufuata Mkataba wa 1948. Na hukumu hiyo ilisomwa katika ardhi ya Tanzania. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu na ambaye alikiri makosa yake, alihukumiwa kifungo cha maisha. Hadi mahakama ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, watu 93 walikuwa wameshitakiwa na 62 kuhukumiwa adhabu. Miongoni mwa majaji wake alikuwa Mtanzania, William Hussein Sekule.

Hukumu ya Akayesu yakumbukwa hasa kwa kukubali kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ndani yake, hata hivyo, mna maneno mengine ambayo mtu wa Kilombero angeyasoma mara mbili. Majaji walilifafanua lile tendo la tatu la Ibara ya 2, wakasema kwamba ni zile njia ambazo haziui mara moja bali mwishoni hukusudiwa kuua; wakataja mifano: kuwapa watu chakula kisichotosha, kuwafukuza makwao na kuwapunguzia huduma muhimu za tiba. Wakasema pia kwamba nia, ambayo ni siri ya moyo, yaweza kutambuliwa kwa matendo yenyewe na jinsi yalivyopangwa. Kwa hiyo mtetezi wa mwaka 1905 asingeweza tena kujificha nyuma ya neno moja la kunyenyekeza. Angeulizwa: uliendelea kuchoma mpaka lini, na ulipoona watu wanakufa ulifanya nini?

Kwa upande wa Ujerumani, mwaka 2021 serikali yake ilikiri kwamba yaliyotendeka Namibia huitwa leo mauaji ya kimbari. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyowapata watu katika vita vya Maji Maji. Lilikuwa jambo la heshima, na wazawa wa walionyongwa walistahili kulisikia. Lakini msamaha hutolewa baada. Nao Mkataba hautaji kuadhibu kwanza. Jina lake lenyewe laanza kwa neno kuzuia.

Na kuzuia ndiyo kazi iliyo ngumu, kwa kuwa haina jukwaa wala hukumu ya kusomwa. Tarehe 26 Februari 2007 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema, katika kesi ya Bosnia na Serbia, kwamba wajibu wa nchi kuzuia huanza pale inapojua, au inapopasa kujua, kwamba hatari kubwa ipo, haingoji maiti. Nchi za Maziwa Makuu ziliandika itifaki yao juu ya jambo hilo mwaka 2006, na mwaka 2012 Tanzania ikaunda kamati ya taifa ya kuzuia makosa haya. Ibara ya 5 ya Mkataba yaidai kila nchi itunge sheria zake za kuyatekeleza haya. Deni hilo si dogo. Kanuni ya Adhabu ya nchi hii asili yake ni ya mwaka 1945, miaka mitatu kabla ya Mkataba kukubaliwa, na waliyoitunga walikuwa watawala wa kikoloni ambao hawakulifikiria kosa hili. Kenya ilijitungia sheria ya makosa ya kimataifa mwaka 2008, na Uganda mwaka 2010. Mahakama ya Arusha ilikuwa ya wageni katika nyumba ya mwenyeji. Mgeni akisha kuondoka, mwenyeji hutakiwa awe na mizani yake mwenyewe.

Bonde la Kilombero latoa mashauri mawili kwa mizani hiyo. La kwanza ni kwamba chakula cha watu kihesabiwe katika ulinzi wa watu. Serikali, jeshi au kundi lolote likianza kuona ghala, kisima au shamba la jamii fulani kuwa ni silaha dhidi ya jamii hiyo, hatari imekwisha kuingia nyumbani, hata kama hakuna aliyepigwa. La pili ni kuhesabu. Wanawake wa Ulanga walingoja miaka thelathini kabla ya mtu kuwauliza wamezaa watoto wangapi na wangapi wamekufa. Tangu mwaka 1996 watafiti wa afya wa Ifakara wamekuwa wakipita nyumba hata nyumba katika bonde hilo hilo, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Kazi yao ni ya kutafuta dawa za malaria na maradhi mengine, wala haihusiani na mahakama. Lakini nchi inayojua majina ya wanawe kijiji kwa kijiji haiwezi kusema kesho kwamba haikuona walipotoweka.

Yawezekana kwamba wapiganaji wa mwaka 1905 hawatapata kamwe hukumu yao. Mashahidi wamekwisha, na sheria haikuwapo. Kilichosalia ni ardhi yenyewe, ambayo kila mwaka baada ya mafuriko huoteshwa mpunga na wajukuu wa wale waliosalimika. Ahadi ya mwaka 1984 itakuwa imetimizwa, si siku ambapo mkosaji mkubwa atafungwa, bali katika kila mwaka ambapo mkulima wa Ifakara, awe wa kabila lolote na mwenye rai yoyote, anapanda mbegu akiwa na yakini kwamba hakuna amri itakayokichoma kihenge chake.